Bei ya Mjomba

Watu wa Malindi hawana haya. Nikipita sokoni wananiuliza, "Fundi Faki, ule mkono wa chuma uliishia wapi?" Wanauliza na huku wanajua. Uko nyuma ya karakana yangu, umelazwa juu ya mapipa, na kuku wa jirani wanataga chini yake. Basi leo nitasema mwenyewe kwa kinywa changu, maana nimechoka kusikia kisa changu kikihadithiwa na watu ambao hawakuwapo, kila mmoja akitia chumvi yake.

Mimi nina dada mmoja tu, Mwanabibi. Mumewe, Abdulghani, alikwenda Jeddah kutafuta riziki mwaka wa sabini na nne, akapotelea huko, hana barua wala salamu. Alimwachia dada yangu mtoto mmoja, Tima. Mwanabibi akawa anakaanga korosho na kuzibangua uani, kisha anaziuza kwa vipimo mbele ya soko. Anayeijua kazi hiyo anajua yale mafuta ya maganda yalivyo makali. Vidole vya dada yangu vimebabuka hata alama hana. Alipokwenda kuchukua kitambulisho, karani alimchovya wino mara tano, na mara zote tano karatasi ikatoka na madoa matupu. Tima alikuwa naye siku hiyo, na nadhani yote yalianzia pale.

Alikuwa kidato cha nne, mwaka wa themanini na sita, aliponijia karakanani Ijumaa moja baada ya swala, daftari kwapani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wataka nini? Maana ukiniamkia kwa adabu hivyo najua pana jambo."

Akacheka. "Nataka mkono."

"Unao miwili. Wa tatu wa nini?"

Akanifungulia daftari juu ya meza ya kazi. Lo! Alikuwa amechora mkono wa chuma wenye bega, kiwiko na vidole vitatu, wa kuepua bati la korosho motoni, kuligeuza na kulimwaga, wenyewe, bila mtu kuushika. Mota tatu za waipa za gari: moja ya kuzungusha bega, moja ya kunyanyua, moja ya kufumba vidole. Na pembeni kigogo cha mti cha mviringo kilichopigiliwa misumari. Kigogo kinazunguka polepole. Msumari ukigusa kipande cha shaba, umeme unapita na mota inakwenda. Msumari ukiachana na shaba, mota inasimama. Misumari arubaini na mmoja, na kila mmoja ameupimia mahali pake kwa rula.

"Nani amekufundisha haya?"

"Umeme katufundisha Mwalimu Thuku. Ya misumari nimeyawaza mwenyewe."

Mimi nimechomelea chuma miaka ishirini na miwili, wala sijapata kuwaza kitu kama kile. Niliona fahari, sikutaka aione usoni pangu. Nikajifanya natafuta nyundo.

Akanieleza mambo yalivyo. Mwezi wa Julai kungekuwa na mashindano ya sayansi ya shule, Kilifi. Kazi ya kwanza ingekwenda Mombasa, na huko kampuni moja ilikuwa imeahidi kumlipia mwenye kazi karo yote ya chuo cha ufundi. Dada yangu hakuwa na karo. Na nyumbani palikuwa na jambo jingine: Bwana Taib wa Mambrui, mwenye mashamba, alikuwa ameshatuma watu mara mbili kumposea mwanawe Nasor. Athman, ami yake Tima, ndiye mwenye kuozesha, maana baba hayupo, naye alikwisha kata shauri. Tima akipata chuo, aende chuo. Asipopata, mwezi wa Desemba anaolewa.

"Simtaki Nasor, mjomba," aliniambia. "Hana ubaya, lakini simtaki. Nataka kusoma umeme."

"Basi utasoma," nikamwambia. Nilisema hivyo, na watu wawili waliokuwa wakingoja baiskeli zao walinisikia.

Ukurasa wa pili wa daftari ulikuwa wa bajeti. Sheria ya mashindano ilisema gharama yote isizidi shilingi elfu moja na mia tano, na kila kitu kiwe na risiti. Yule mtoto alikuwa mgumu kwa senti kuliko Mhindi wa duka la vyuma! Mota za waipa waliziuza mia na hamsini kila moja. Alikwenda kwa mwenye magari mabovu siku tatu mfululizo, akamsimamia mpaka akamwachia kwa mia na ishirini. Nilimwambia anunue betri mpya, akanikatalia, akapata iliyotumika kwa mia mbili na hamsini. Bei ya vyuma bapa ilipopanda, aliupunguza mkono wake inchi sita, akakaa usiku kucha kupima upya misumari yote, kwa ajili ya shilingi arubaini. Kigogo cha kukereza, shaba, nyaya na swichi, bolti na nati, rangi, makaa ya majaribio, vyote aliviandika. Jumla ilikuwa elfu moja na mia moja. Shule itoe mia tano, Mwalimu Thuku mia mbili na hamsini, na mama yake atoe zilizobaki katika korosho.

Nikamtania. "Na mimi umeniandika wapi?"

Akainamisha uso. "Wewe sikukuandika, mjomba. Nitakuandikaje?"

Wallahi nilifurahi. Nilimpapasa kichwa nikamwambia kwamba mama yake amemlea vyema. Kwetu mjomba haandikwi. Ukimhitaji unamwendea, akiwa nacho anatoa, na asiyetoa watu wanamjua. Huo ndio mwenendo wetu, na siku ile sikuuona ubaya wake hata kidogo.

Tulianza Aprili. Alikuwa akija akitoka shule, anavua viatu, anavaa koti langu kuukuu, tunafanya kazi mpaka adhana ya magharibi. Mimi nilikata na kuchomelea, basi. Akili yote ilikuwa yake. Nikikosea pembe ananiambia, "Mjomba, hapa umelala," nami namtukana kwa mapenzi na kukata upya. Siku ya kwanza tuliyotia umeme, mkono ulinyanyua bati vizuri, ukazunguka vizuri, ukamwaga korosho za moto juu ya viatu vya Mwalimu Thuku aliyekuja kutazama. Yule bwana aliruka kama mbuzi! Tima hakucheka. Aling'oa misumari mitatu, akasogeza miwili, akaandika kitu katika daftari. Jaribio la kumi na nane ndilo lililokubali. Bati liliepuliwa, likageuka, likamwagwa juu ya mkeka, mkono ukarudi mahali pake ukatulia. Dada yangu Mwanabibi alikuwapo. Alisimama na vidole vyake vile vimeziba mdomo, akalia.

Wiki moja kabla ya Kilifi, Mwalimu Thuku akaja karakanani na baiskeli yake. Mtu wa Murang'a, Kiswahili chake cha bara, lakini moyo wake safi, hilo sitamnyima. Tima alikuwa akipaka rangi bega la mkono.

"Fundi," akasema, "kuna shida kidogo. Hapa kwa bajeti hakuna malipo ya fundi. Wale waamuzi wataona chuma imechomelewa, watauliza ni nani. Sheria inakubali fundi wa nje, mradi alipwe na aandike risiti. Wewe niandikie tu risiti ya mia tatu. Jumla itakuwa elfu moja na mia nne. Tuko ndani."

"Mia tatu nimepokea lini?"

"Hujapokea. Ni karatasi tu."

"Kwa hivyo nitie saini uongo."

"Basi nitatoa mia tatu yangu nikupatie sasa hivi, uwe umepokea kweli." Na akatia mkono mfukoni kweli, mwalimu yule mwenye watoto wanne.

Nilipanda mori. "Mwalimu, hebu nisikize. Mimi nipokee ujira kwa mwana wa dada yangu? Mji mzima useme Faki amemtoza mtoto wa Mwanabibi? Hapa kwetu hiyo ni aibu ya kufa nayo!"

"Si kukutukana, Fundi. Hata kwetu mjomba ni mtu mkubwa. Lakini hii fomu haijui mjomba."

Tima akaweka brashi chini. "Mjomba," akasema taratibu, "tia saini tu. Tafadhali."

"Nyamaza wewe! Haya mambo ya wakubwa."

Akachukua brashi yake tena. Mwalimu akapanda baiskeli yake akaenda zake, na bajeti ikabaki vile ilivyo.

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Uongo wa saini haukunikera hivyo. Nimetia saini uongo mwingi katika maisha yangu, Mungu anisamehe. Aibu ya ujira ilikuwapo, ndiyo, lakini ningeweza kuimeza. Kilichonichoma ni ile mia tatu. Mimi Faki, niliyechomelea mageti ya hoteli mbili kule Watamu, kazi ya miezi mitatu, niandikwe mia tatu! Karatasi ile isomwe Kilifi mbele ya watu na jina langu chini yake! Hiyo ndiyo iliyonipandisha damu. Ya ukoo na ya dini niliyatanguliza tu kwa sababu yanasikika vizuri.

Kilifi tulikwenda na pikapu ya kukodi, mkono umefungwa katika mkeka, Tima na mwalimu mbele, mimi nyuma naushika usigonge. Nilivaa kanzu yangu ya Idi. Ukumbi ulijaa. Vijana wa Tezo walileta pampu ya kukanyaga, nayo ilikuwa ikivuja. Wengine walileta jiko la jua, wengine mizani, wengine sijui nini. Zamu ya Tima ilipofika, aliwasha swichi, akarudi hatua mbili nyuma, mikono mgongoni. Mkono uliepua, ukageuka, ukamwaga, haikuanguka korosho hata moja. Watu walisimama. Nilisikia mzee mmoja nyuma yangu akisema "Subhanallah."

Mwamuzi mkuu alikuwa mama mmoja mrefu mwenye miwani, jina lake Bi Jedida. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa kusema alikuwa mbaya, lakini hakuwa. Alimuuliza Tima kuhusu misumari, akajibiwa. Kwa nini mota ya bega haizunguki wakati vidole vinafumba? Akajibiwa, na kwa hesabu. Akatabasamu. Kisha akageuza karatasi akatazama bajeti, akapita mstari baada ya mstari na kalamu yake.

"Na kazi ya kuchomelea? Siioni hapa."

"Nilisaidiwa na mjomba wangu," Tima akasema. "Hakunitoza."

"Mjomba yuko?"

Niko! Nilijitokeza ukutani pale na kanzu yangu. Nilipaswa kusema nini? Nilipaswa kusema, "Nimemsaidia kidogo tu, mama, kazi ya saa mbili, ya shilingi hamsini." Mwalimu Thuku alikuwa akinitazama, na uso wake ulikuwa ukinisomesha hayo hayo. Hata mlevi angeelewa.

"Mzee," Bi Jedida akaniuliza, na kwa heshima, "kama angekuwa mtu mwingine, ungemtoza kiasi gani kwa kazi hii?"

Macho yote ya ukumbi kwangu. Nikajipiga kifua.

"Mama, kazi hii ni elfu moja na mia mbili, na hapo nimekuonea huruma. Mageti yangu yako Watamu, nenda kayatazame. Lakini kwa mwana wa dada yangu? Hata senti! Damu haitozwi."

Na walinipigia makofi, jamani. Watu wanne, watano, walinipigia makofi. Nikageuka kuwashukuru, na hapo nikamwona Tima amefumba macho.

Bi Jedida alikuwa akiandika. "Elfu moja na mia moja," akasema polepole, "na elfu moja na mia mbili. Elfu mbili na mia tatu. Kikomo ni elfu moja na mia tano." Akavua miwani. "Pole sana, binti. Kazi yako ndiyo nzuri kuliko zote nilizoona leo. Lakini siwezi."

Mwalimu Thuku alimfuata akimsihi, kwamba msaada si gharama, kwamba mtoto hakutoa hizo pesa. "Mwalimu," akamjibu, "huyu kijana wa Tezo hana mjomba fundi. Amelipa fundi wake mia mbili, na risiti hii hapa. Nitamwambia nini?" Akaendelea na meza iliyofuata. Pampu ile iliyovuja ndiyo iliyokwenda Mombasa.

Kutoka Kilifi mpaka Malindi tulibanana mbele sote, Tima kalikumbatia daftari lake. Nilijaribu kuwalaumu waamuzi, nikasema wana wivu na watu wa pwani, nikasema mama yule alikuwa na nia mbaya tangu mwanzo. Nilisema sana njia nzima. Mwalimu alitazama dirishani.

Baada ya siku ile hakuja tena karakanani. Tukikutana njiani aliniamkia kwa adabu zote na kupita. Mimi nilikwenda kwa Athman, ami yake, nikamwomba asubiri mwaka mmoja, karo nitaitafuta mimi. Akaniuliza ninacho kiasi gani. Nikahesabu: nilikuwa na mia saba na deni la gesi ya kuchomelea.

"Faki," akaniambia, "siku ile Kilifi ulikuwa na bei kubwa. Leo iko wapi?"

Nilitamani kumpiga, nikakosa sababu. Tima alifanya mtihani wake wa mwisho Novemba. Sikuuliza alivyofanya.

Wajumbe wa Bwana Taib walikuja mwanzoni mwa Desemba. Tulikaa sebuleni kwa dada yangu, wanaume wanane, halua na kahawa katikati. Mshenga akafungua karatasi akasoma kwa sauti: mahari ya binti elfu kumi, mkaja wa mama elfu mbili, kilemba cha mjomba elfu mbili. Kila kitu kwa mstari wake, kimepangwa vizuri. Athman akaridhia. Bahasha zikatolewa. Yangu ikawekwa mbele yangu, na daftari juu yake, kwamba nitie saini nimepokea.

Nilitazama ile bahasha. Kilemba ni haki ya mjomba, kilikuwapo kabla ya babu yangu kuzaliwa. Kukikataa ni kusema huitaki ndoa, ni kumtukana Bwana Taib mbele ya watu wake na kumwaibisha dada yangu nyumbani kwake. Mwanabibi alikuwa nyuma ya pazia; niliziona ncha za miguu yake. Wanaume wote walikuwa wakinisubiri. Nikachukua kalamu nikatia saini.

Walipoondoka nilipitia uani. Tima alikuwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi anakuna nazi. Nikamnyoshea bahasha.

"Chukua wewe, mwanangu. Hizi zako. Ununue utakacho."

Hakunyosha mkono. "Umetia saini?"

"Nimetia."

"Kwa kiasi gani?"

"Elfu mbili."

Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, akakiweka kando, akachukua nazi nyingine.

"Mia tatu za mwalimu zilikuwa aibu ya kufa nayo," akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Zile zilikuwa za kunipeleka chuo. Hizi za kunipeleka Mambrui umezipokea, mjomba. Basi kaa nazo, ni zako."

Nilitaka kumwambia kwamba hapa sikuwa na njia. Kwamba mwanamume hawezi kukataa mbele ya watu kitu ambacho desturi imemwekea mbele yake, hata moyo wake ukiwa hautaki. Nilifungua kinywa kabisa niyaseme hayo. Lakini Tima alikwisha niona nikikataa, mara moja, kwa sauti kubwa, na yeye akinibembeleza nikubali. Alijua kuwa naweza.